Kumano Kodo kwa miguu mpaka hekalu la Hongu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikirudi na picha za ule msitu wa Kumano kule Japani watu wananiuliza yale yale, mara inbox mara sebuleni, nikaona bora niyaandike yote sehemu moja. Nimepita njia ya Nakahechi zaidi ya mara moja na mara ya kwanza nilikosea karibu kila kitu, kwa hiyo mengine humu nayajua kwa maumivu ya magoti.

Kwani Kumano Kodo ni nini, ni hekalu au ni barabara?

Ni barabara. Kodo kwa Kijapani ni barabara ya zamani, na Kumano ni ile sehemu ya kusini ya rasi ya Kii, chini ya Osaka na Nara, milima mitupu na mvua. Siyo njia moja, ni mtandao wa njia zinazotoka pande tofauti zikielekea mahekalu makubwa matatu ya Shinto, dini ya jadi ya Wajapani: Hongu Taisha, Hayatama Taisha na Nachi Taisha. Watu wanazitembea kwa zaidi ya miaka elfu. Mwaka 2004 UNESCO wakaziingiza kwenye urithi wa dunia pamoja na mahekalu yenyewe, na ni nadra sana UNESCO kuorodhesha njia ya hija, nyingine inayojulikana ni ile ya Santiago kule Hispania. Ukimaliza zote mbili kuna utaratibu wa kukutambua rasmi, tangu 2015.

Mimi humu naongelea Nakahechi tu, ndo waliyokuwa wanapita wafalme na ndo rahisi kuifikia.

Ni kilomita ngapi na siku ngapi?

Kutoka Takijiri, mahali msitu unapoanzia, mpaka Hongu ni kama kilomita 38. Usisikie 38 ukasema mbona mimi Moshi mjini natembea kutwa nzima, hizi ni za kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mizizi na mawe, na saa moja unaweza ukapiga kilomita mbili tu ukashangaa. Wengi wanafanya siku mbili, wanalala kijiji cha Chikatsuyu katikati: siku ya kwanza kilomita 13, ya pili 25. Hiyo ya pili ni ndefu jamani. Mimi naona siku tatu ndo utu, unalala Takahara baada ya kilomita nne tu, kijiji kiko juu mgongoni mwa mlima na asubuhi ukifungua dirisha bonde lote chini limejaa ukungu.

Mimi siyo mtu wa mazoezi, nitaweza?

Anzia Hosshinmon-oji, kimoja cha vihekalu vidogo vya njiani. Ni kama kilomita 7 mpaka Hongu, sehemu kubwa ni kushuka, unapita vijiji na mashamba ya chai, masaa mawili matatu umefika. Basi linakupeleka mpaka pale. Bibi za Kijapani wa miaka sabini na kitu wanaipita na vikofia vyao, na watakupita na wewe.

Ila Takijiri usiidharau, maana pale inaanza na ukuta, dakika tano tu baada ya kuvuka mto ushaanza kushika mizizi kwa mikono. Kuna jiwe kubwa lina upenyo, wanaamini mwanamke akipenya mle anajifungua salama. Mimi nilijaribu kwa ujinga, begi likakwama.

Si kuna basi linafika mpaka mlangoni pa hekalu? Kwa nini nijitese?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndo limenifanya niandike haya.

Basi lipo kweli. Kutoka stesheni ya Kii-Tanabe mpaka Hongu ni kama masaa mawili, unashuka, unapanda ngazi 158, unapiga picha, unarudi. Watu wanafanya hivyo kila siku na sitawasema vibaya. Lakini ukishafika utaona hekalu lenyewe ni la kiasi, mbao nyeusi nyeusi na paa la gome la mti, halina dhahabu halina makeke, unaweza ukasema ndo hili tu? Kwa sababu watu wa zamani hawakuwa wanaenda *kuliona* hekalu. Njia ndo ilikuwa ibada. Kumano ilichukuliwa kama nchi ya wafu, unaingia milimani kama umekufa, unachoka, unaoga maji baridi ya mtoni, unajitakasa, halafu unatoka upande wa pili ukiwa mtu mpya. Yaani jasho ndo dua yenyewe. Sasa wewe uliyekuja na basi lenye kiyoyozi umefika mwisho wa sentensi bila kusoma sentensi.

Na walikuwa hawatanii. Mfalme mstaafu Go-Shirakawa alienda zaidi ya mara 30. Go-Toba mara 28, kutoka Kyoto kwenda na kurudi, safari moja inakula wiki tatu hivi. Mwaka 1201 Go-Toba aliongozana na mshairi wake Fujiwara no Teika, na yule mshairi aliandika shajara ya safari nzima, na unajua kajaza nini humo? Malalamiko. Amechoka, anaumwa, malazi mabovu, mvua, halafu usiku bado mfalme anataka mashairi. Mshairi mkubwa kabisa wa Japani miaka 800 iliyopita analalamika kama mimi kwenye kilima cha Takijiri, nilivyojua hilo nilifarijika sana.

Baadaye hata watu wa kawaida walijaa njia mpaka Wajapani wakawa na msemo, hija ya Kumano ya siafu, maana ukiangalia kutoka juu ni mstari wa watu tu.

Vile vihekalu vidogo vya njiani ni vya nini?

Vinaitwa oji. Wanasema 99, ingawa 99 hapo siyo hesabu kamili, maana yake ni vingi. Ni vya watoto wa miungu ya Kumano, mahujaji walikuwa wanasimama hapo kuomba na kupumzika. Vingi leo ni jiwe tu lenye maandishi chini ya mti, usitegemee jengo.

Karibu na kila kimoja kuna kiboksi cha mbao kama nyumba ya ndege, ndani kuna muhuri na wino, unagonga kwenye kijitabu chako unachochukua bure kabla ya kuanza. Inaonekana mchezo wa watoto, ila kilomita ya 20 huko mvua inanyesha, kile kiboksi ndo sababu pekee ya kuendelea. Beba na kitambaa cha kufutia wino, mimi kijitabu changu cha kwanza kimechafuka chote.

Hadithi ninayoipenda iko karibu na Chikatsuyu. Mfalme mstaafu Kazan alisimama kilimani kula akakosa vijiti, akavunja matete, na kwenye tete likatoka kitu chekundu, akauliza hii ni damu au umande? Kwa Kijapani "chi ka tsuyu". Ndo kijiji kikapata jina, na kilima chenyewe kinaitwa kilima cha kuvunja vijiti. Pale juu kuna kijisanamu kidogo, wanasema ni yeye, amepanda ng'ombe na farasi kwa mpigo, ukiwa unakimbia kimbia hukioni.

Msitu wenyewe ni wa asili? Miti ni mizee kweli?

Hapa inabidi niseme ukweli ambao vipeperushi havisemi sana. Sehemu kubwa ya msitu unaopita ni ya kupandwa. Sugi na hinoki, miti jamii ya mierezi, imepangwa mistari mistari, mingi ilipandwa baada ya vita kwa ajili ya mbao. Ndo maana chini kuna giza na kimya, ndege wachache. Kuna kilomita nzima unatembea unaona nguzo tupu kama uko ndani ya msikiti mkubwa usio na mwisho. Mimi napenda, wengine wanachoka.

Miti mizee kabisa imebaki pale kwenye vihekalu, na imebaki kwa sababu ya mtu mmoja mbishi. Mwaka 1906 serikali iliamua mahekalu madogo yaunganishwe, kijiji kimoja hekalu moja, na yakifungwa miti yake inakatwa inauzwa. Miti mikubwa ya karne na karne, pesa hiyo. Sasa pale Tanabe alikuwepo Minakata Kumagusu, msomi aliyekaa London miaka akisoma British Museum na kuandika kwenye jarida la Nature, akarudi kwao akawa anachunguza viumbe vya ajabu ajabu vya utelezi vinavyoota kwenye magogo ya msituni. Akapigana. Barua, makala, kelele. Mwaka 1910 aliingia kwenye mkutano wa maafisa akafanya fujo wakamweka ndani siku 18, na kule mahabusu, usicheke, akaokota kiumbe kingine cha kuchunguza.

Ukifika Tsugizakura-oji utaiona ile mierezi aliyoiokoa. Michache, minene kiasi kwamba watu kadhaa hawaikumbatii, na matawi yake yote yameelekea upande mmoja, kusini, wenyeji wanasema yanaelekea Nachi. Wazo la Minakata lilikuwa kwamba ukikata ule msitu hujakata miti tu, umekata na hekalu, na kijiji, na vijidudu, vyote vinashikana. Wazee wa kaya za Wamijikenda kule Pwani ya Kenya wangemwelewa mara moja, kaya nayo ni msitu na patakatifu kwa wakati mmoja, na UNESCO wameziweka kwenye orodha ile ile mwaka 2008.

Wanawake wanaruhusiwa?

Wanaruhusiwa tena toka zamani, na hilo ndo lilifanya Kumano iwe tofauti. Milima mingi mitakatifu ya Japani ilikuwa inafukuza wanawake. Kumano ilipokea wote, mwanamke, mwanaume, tajiri, maskini, mgonjwa.

Kuna sehemu inaitwa Fushiogami, ndo mara ya kwanza unaliona bonde la Hongu kwa mbali, watu walikuwa wanapiga magoti pale pale. Wanasimulia mshairi wa kike Izumi Shikibu alifika hapo akaingia kwenye siku zake, akahuzunika kwamba kafika mlangoni na hawezi kuingia, akaandika shairi. Usiku mungu wa Kumano akamjia ndotoni akamjibu kwa shairi pia, kwamba yeye anachangamana na vumbi la dunia, damu hiyo haimsumbui, njoo. Dada niliyetembea naye safari ya pili nilimsimulia hii tukiwa pale pale, akakaa chini kwenye benchi akanyamaza muda mrefu.

Mimi ni Muislamu / Mkristo, si nitakuwa nimeabudu miungu mingine?

Kutembea ni kutembea. Hakuna anayekulazimisha kuinama wala kupiga makofi, hakuna anayekuuliza dini, unaweza ukapita ukasimama kimya kwa heshima ukaendelea. Kuhusu moyo wako hilo muulize sheikh wako au mchungaji wako siyo mimi. Kiutendaji: sehemu tambarare za kuswalia zipo nyingi na hakuna atakayekusumbua, ila kibla weka kwenye simu kabla, maana mtandao unapotea mabondeni.

Kwa chakula kuwa makini zaidi. Nguruwe utamkwepa kirahisi, shida ni pombe ya mchele inayotiwa kwenye mapishi, na hata mchuzi unaoonekana ni wa mboga tu mara nyingi una supu ya samaki. Waandikie gesti wiki kadhaa kabla, waeleze kitu kwa kitu, wanajitahidi sana ukiwaambia mapema. Ukiwaambia jioni wakati chakula kiko mezani unawaaibisha na wewe unalala njaa.

Nikifika hekaluni nafanyaje?

Kabla ya lango, ile torii, inama kidogo. Usipite katikati, katikati ni pa mungu, pita pembeni. Kwenye birika la maji chukua kata, mwagia mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha mimina kiganjani usukutue mdomo (usinywe kwenye kata!), osha tena wa kushoto, halafu simamisha kata maji yatiririkie mpini. Ukizoea udhu hii utaikamata mara moja. Mbele ya hekalu tupia sarafu, watu wanapenda ya yen 5 kwa sababu inatamkwa sawa na neno la kheri ya kukutana, inama mara mbili, piga makofi mawili, omba, inama mara moja. Kupiga picha ndani fuata vibao.

Yule kunguru wa miguu mitatu?

Yatagarasu. Kwenye hadithi zao ndo alimwongoza mfalme wa kwanza, Jimmu, kupita milima hii. Kama unafuatilia mpira ushamwona, yuko kwenye nembo ya chama cha soka cha Japani. Hongu mpaka sanduku la posta ni jeusi kwa ajili yake.

Lile lango kubwa mbona liko peke yake kwenye mashamba ya mpunga?

Wengi wanaruka hapa na ni kosa. Hekalu la Hongu halikuwa juu kilimani lilipo sasa, lilikuwa chini, kwenye kisiwa cha mchanga wa mto, panaitwa Oyunohara. Mwaka 1889 mafuriko makubwa yakaja, milima ilikuwa imekatwa miti sana, maji yakabeba majengo mengi. Yaliyosalimika yakahamishiwa juu, mwaka 1891. Lile lango limejengwa mwaka 2000, chuma, karibu mita 34 kwenda juu. Ukilipita unaingia uwanja wa majani na miti tu, hakuna jengo. Nenda jioni watalii wakishaondoka. Mimi nilikaa pale nimevua viatu, miguu inawaka moto, na nakwambia pale ndo nilihisi nimefika, siyo kule juu.

Nitapotea? Kuna wanyama?

Kupotea ni ngumu. Kila mita 500 kuna nguzo yenye namba, na kwenye njia panda za kudanganya kuna kibao kinachokwambia wazi kwamba hii *siyo* Kumano Kodo. Kibao bora duniani, nilitamani ningekuwa nacho maishani. Sehemu ya Iwagami ina njia ya mchepuko tangu tufani ya 2011 ilipoporomosha mlima, ifuate, usijifanye mjanja.

Wanyama: kuna nguruwe mwitu, kima, paa, na dubu wachache sana, wengi wanafunga kakengele kwenye begi. Wa kuogopa kweli ni nyigu wakubwa mwisho wa kiangazi na nyoka mmoja wa sumu anaitwa mamushi. Usitie mkono ambako huoni.

Niende lini, nivae nini?

Aprili mpaka Mei, au Oktoba mwishoni na Novemba. Juni ni mvua, Agosti ni joto la kukosa hewa, Septemba matufani. Kama una mzio wa vumbi la maua, Machi utalia, mierezi inamwaga poleni.

Na mvua itanyesha tu, hata mwezi mzuri, rasi ya Kii ni katika sehemu zenye mvua nyingi kabisa Japani. Mawe ya njia yameota ule ukijani laini, yakilowa ni sabuni. Nilienda na raba za mjini zilizokwisha soli, nikaanguka mara nne siku moja, ya nne mbele ya kundi la wanafunzi. Vaa viatu vyenye meno, beba koti la mvua, beba fimbo. Anza kutembea saa moja asubuhi maana msituni giza linaingia mapema kuliko unavyodhani.

Kulala na kula?

Gesti za familia, vyumba vichache, unalala kwenye godoro la chini. Buku miezi kabla, haswa Chikatsuyu, na usifike usiku, chakula ni saa kumi na mbili na mwenye nyumba anaanza kupata wasiwasi. Asubuhi wanakufungia msosi wa njiani, ukibahatika ni mehari-zushi, tonge la wali limeviringishwa kwenye jani la mboga iliyotiwa chumvi, na pembeni huenda kukawa na umeboshi, tunda dogo chachu kama ndimu ya kuchachua, hapa ndo kwao. Beba keshi. Begi kubwa unaweza kulituma kwa gari mbele likakusubiri, siyo dhambi.

Ni lazima kuoga uchi na watu?

Kwenye mabwawa ya maji moto ndiyo, wanaume kwao wanawake kwao. Kama huwezi, Yunomine karibu na Hongu kuna kibanda kinaitwa Tsuboyu, kiko juu ya kijito, kinaingia watu wawili, unapewa nusu saa unafunga mlango. Hapo hapo nje kuna kisima cha maji yanayochemka, nunua mayai uchemshe kwa kamba.

Nikimaliza Hongu niendelee Nachi?

Kama una magoti. Kuna siku moja ya kilomita 14 na nusu ina kilima kinaitwa kilima cha kuvunja mwili, mita 800 za kupanda, na jina halitii chumvi. Ila mwisho wake ni maporomoko ya mita 133 ambayo yenyewe ndo mungu, hekalu lake halina jumba, unayaangalia maji. Mvivu apande ngazi 267 za Daimon-zaka tu, kati ya mierezi mizee, dakika 30 hivi.

Nani anaitunza njia yote hii?

Wenyeji na wanaojitolea. Mvua inakula udongo kila mwaka na gari haliingii, kwa hiyo udongo unabebwa mgongoni. Watu wanajiandikisha, wanapewa mfuko, wanapanda nao, wanaumwaga kwenye mashimo wanaushindilia kwa miguu. Nimewahi kubeba. Mfuko mdogo tu lakini kufika juu nilikuwa nimeshamlaani kila mtu. Tukamwaga, tukakanyaga kanyaga kama tunacheza ngoma, mzee mmoja akaja akakanyaga upya pale nilipokanyaga mimi. Mwaka uliofuata nilipita tena nikawa natafuta ni wapi hasa palikuwa, sikupajua.